Sitashuka Hapa

Habari ilimkuta Wavinya kisimani Witeithie, akiwa juu ya tangi la lori lake, ameukumbatia mpira wa maji kwa mikono miwili. Aliyeileta ni Oluoch, dereva mwenzake, mzee mnene asiyejua kumuuliza mtu kama ana nafasi kabla ya kumwonyesha video. Alipanda ngazi ya tangi akihema, akamsogezea simu mpaka puani, akamwambia atazame yule jamaa wake wa makelele amefikia wapi.

Jamaa mwenyewe alikuwa Kiama. Wavinya alimtambua kwa sauti kabla ya sura, maana sura ilikuwa imebadilika: nywele zimenyolewa, shati jeupe limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, Biblia mkononi. Zamani huyu alikuwa mwimbaji na mpiga gitaa wa Machimbo, bendi ya roki ya vijana wa hapo hapo Witeithie, waliokuwa wakichonga mawe ya kujengea wiki nzima na wikendi wakipasua masikio ya watu kwenye kumbi za Ruiru na Thika. Watu waliozoea gitaa la mugithi, la kushikana mabega na kucheza kwa mstari, waliwacheka sana. Wengine waliwapenda mpaka wakajichora jina la bendi mikononi. Wavinya hakujichora, lakini mapenzi yake yalikuwa ya kichwa kigumu, na hayo hayafutiki kwa sabuni.

Kwenye video Kiama alikuwa akitangaza kwamba ameokoka, jambo ambalo Wavinya hakuwa na neno nalo. Neno lilikuja baadaye. Jumapili inayofuata, alisema, mbele ya kanisa lake kule Theta, atalivunja gitaa lake jekundu kwa nyundo, kisha atafuta nyimbo zote za Machimbo kwenye mtandao watu wakiona kwa macho yao. Ataanza na "Sitashuka Hapa". Wimbo huo, alisema, alipewa na shetani, na umeshaua mtu.

Maji yakafurika. Yalitoka kwenye mdomo wa tangi, yakamwosha Oluoch kutoka kifuani hadi viatuni, na Wavinya alikuwa bado anaitazama ile simu. Oluoch alishuka akilalamika kwamba yeye ameleta habari tu, hakuomba kubatizwa.

Tusidanganyane, "Sitashuka Hapa" si wimbo wa kila mtu. Unaanza na gitaa peke yake, chafu, linakwaruza kama msumeno wa kukatia vyuma. Halafu Kiama anaingia na ile sauti yake iliyojaa vumbi la mawe, anaimba juu ya mtu anayeambiwa na kila aliye njiani kwamba amefika, ashuke, hapa ndipo saizi yake. Na kila mara anajibu kwamba hashuki. Maneno ndiyo hayo, hakuna mengine ya maana. Ila katikati, baada ya ubeti wa pili, kila kitu kinakatika. Gitaa linanyamaza. Unasikia kijiti cha mpiga ngoma kikigonga ukingo wa ngoma, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba ambayo anajua ina watu. Kinagonga, kinasubiri, kinagonga tena. Na ukishaanza kudhani wimbo umekwisha, ngoma zote zinaingia kwa pamoja na kukuinua kutoka ulipokuwa umekaa. Wavinya alikuwa ameusikia wimbo huo mara ambazo hata Mungu amechoka kuhesabu, na hapo katikati nywele za mkono bado zilimsimama.

Kulikuwa na sababu nyingine. Kabla hajawa dereva, Wavinya alikuwa mfagiaji kwenye yadi ya malori kule Ruiru, na alipowaambia wanaume wa yadi kwamba anataka kujifunza kuendesha lori la maji, walicheka mpaka wakashika magoti. Oluoch ndiye aliyekubali kumfundisha, na yeye pia alikubali kwa mzaha. Shida ilikuwa klachi. Wavinya akiachia, lori linaruka kama chura na kuzima. Oluoch alimpigia kelele, akamchorea kwa kidole kwenye vumbi la dashibodi, akakata tamaa, akawasha redio. Ikawa wimbo huo. Na mguu wa Wavinya, ambao ulikuwa umekataa kusikia mafundisho yote ya Oluoch, ukasikia ngoma. Ngoma zikikatika, kanyaga. Kijiti kikigonga, tulia, ingiza gia. Ngoma zikianza kurudi, achia taratibu, hivyo hivyo, mpaka zote ziwe ndani. Lori likaondoka laini, na Oluoch akaongeza sauti ya redio.

Kwa hivyo alipomaliza kufunga mfuniko wa tangi, Wavinya alikuwa ameshaamua. Ule wimbo hautafutwa. Oluoch, akikamua shati lake, alimuuliza kwani ana shida gani ilhali wimbo wenyewe uko kwenye flashi ya redio yake, si aendelee kuusikiliza tu. Wavinya alimjibu kwamba si habari ya kuwa nao.

"Mwenye wimbo akisimama kanisani aseme ni wa shetani," akasema, "mimi nimekuwa nikiendesha na nani miaka yote hii?"

Oluoch alikuwa na oda ya maji ya kanisa lile la Theta, kwa sababu walikuwa wakijenga ukuta, na Wavinya alimng'ang'ania mpaka wakabadilishana. Yeye Oluoch akachukua wateja wa Kamenu, ambao wana tabia nzuri ya kumpa dereva chai na maandazi, na kwa hilo akasahau shati.

Wavinya alimkuta Kiama uani mwa kanisa, amevaa gambuti, zile buti ndefu za mpira, anachanganya simiti. Kwa karibu alionekana mdogo kuliko jukwaani, na mpole, mpole wa kumkera mtu aliyekuja kugombana. Alimsaidia kuvuta mpira mpaka kwenye tangi la kanisa, akamwita sister, akamuuliza habari za Witeithie. Wavinya alisubiri maji yaanze kwenda, halafu akamwambia wazi kwamba amekuja kwa ajili ya wimbo, na kwamba anaomba asiufute.

Kiama alitabasamu. Alisema wengi wamempigia simu, wengine wamemtukana, na yeye anawaombea wote. Wavinya akamwambia hahitaji kuombewa, anahitaji sababu. Hapo tabasamu likaondoka. Kiama aliegemea koleo, akasimulia, huku akitazama simiti badala ya kumtazama yeye.

Mpiga ngoma wa Machimbo aliitwa Byron. Wavinya alijua amekufa, kila shabiki alijua, lakini hakuna aliyejua vizuri ilikuwaje. Walikuwa wametoka kupiga shoo Ruiru, Byron amelewa, na wenzake wakamnyang'anya ufunguo wa pikipiki. Wakamwambia ashuke, alale hapo mjini, asubuhi si mbali. Byron akacheka. Akaunyakua ufunguo, akatia moto, akaelekea barabara kuu, na hakufika Juja.

"Unajua aliniambia nini nikimshika mkono?" Kiama alisema. "Aliniimbia. Sitashuka hapa. Aliniimbia maneno yangu mwenyewe, sister, halafu akaenda."

Wavinya alikuwa amekuja na hasira ya kutosha watu wawili, na sasa hakujua aiweke wapi. Alisema kitu cha kwanza kilichomjia, kwamba aliyemuua Byron ni pombe. Kiama akatikisa kichwa. Alisema maneno ni yake, na damu iko juu ya maneno. Tena mama yake Byron anaabudu katika kanisa hilo hilo, anakaa mstari wa mbele kila Jumapili, na yeye Kiama anampigia gitaa la sifa huku akijua alichomfanyia. Anaufuta wimbo huo kwa ajili yake.

"Na umemuuliza?"

"Kumuuliza nini?"

"Kama anataka ufutwe."

"Hiyo si kitu ya kuuliza mzazi," Kiama alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na vumbi lile la zamani. "Hajawahi hata kusikia huo wimbo. Alikuwa anatuona watoto wa shetani. Na alikuwa right."

Tangi lilijaa. Wavinya alizima pampu, akaanza kuukunja mpira wake, na Kiama akamshukuru kwa kuja. Akaongeza, kwa namna ya kumwondoa mgeni bila kumfukuza, kwamba kama ana la kusema, Jumapili kuna wakati wa ushuhuda, mtu yeyote anaweza kusimama. Ila ajue anaweza kuimbiwa. Wavinya hakuelewa maana ya kuimbiwa, na kiburi kilimkataza kuuliza. Kwao Matuu, kwenye kanisa alikokulia, mtu akisimama kushuhudia husema mpaka achoke mwenyewe, na wako waliokuwa hawachoki. Alipanda lori akijiambia kwamba kama ni kuongea tu, hilo halimshindi.

Jumapili alivaa gauni lake la kijani, la harusi za watu, akafika mapema. Kanisa lilikuwa la mabati, viti vya plastiki, na vipaza sauti vikubwa kuliko mahitaji. Mbele kulikuwa na meza, na juu ya meza gitaa jekundu limelazwa chali kwenye kitambaa cheupe, nyundo ubavuni mwake. Wavinya hakuweza kulitazama kwa muda mrefu. Kiama alikuwa upande wa kushoto na gitaa lingine, la kanisa, la kahawia, akitafuta sauti zake na kukwepa macho ya watu.

Kuna jambo la kanisa lile ambalo kila mwenyeji alilijua na Wavinya peke yake hakulijua. Ushuhuda una njia yake. Unasimama, unasema Bwana asifiwe, watu wanaitika, unasema umeokoka na unampenda Yesu, ndipo unaingia kwenye habari yako, na habari yenyewe isiwe ndefu wala isiwe na kona. Ukienda kombo, hakuna atakayekukaripia, maana hayo ni madharau. Mtu mmoja huanzisha pambio. Kanisa zima linadakia, gitaa linafuata, makofi yanapigwa, na wewe unakaa chini ukitabasamu kana kwamba ulikuwa umemaliza. Huko ndiko kuimbiwa. Mzee mmoja aliyeanza kushuhudia juu ya mpaka wa shamba la jirani yake aliimbiwa vizuri sana mbele ya macho ya Wavinya, na Wavinya alidhani ni furaha.

Akasimama. Akasema Bwana asifiwe, akaitikiwa. Halafu, badala ya kusema ameokoka, akaingia moja kwa moja.

"Mimi naitwa Wavinya, ni dereva wa lori ya maji. Nimekuja kuongea juu ya huo wimbo mnataka kufuta."

Hakumaliza kuvuta pumzi. Kutoka mstari wa mbele mama mmoja mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, alifungua mdomo akaachilia pambio kwa sauti nyembamba na kali. Kanisa likaruka juu yake. Gitaa likaingia, kinanda kikaingia, makofi yakaanza. Jirani yake Wavinya alimvuta gauni, akamnong'oneza kwamba akishaimbiwa anakaa. Wavinya, aliyekuwa sasa ameelewa onyo la Kiama la siku ile ya maji, aliuliza ni nani huyo aliyemwimbia.

"Huyo ni Waruguru," jirani akasema. "Mama Byron."

Wavinya alikuwa amejiandaa kupambana na pasta, na wazee wa kanisa, na Kiama mwenyewe. Hakuwa amejiandaa kupambana na mama aliyezika mtoto. Alijiona mjinga, na gauni lake la harusi, na wimbo wake wa roki, na akawaza kwamba labda Kiama alikuwa sawa, kwamba iko mizigo ambayo mtu hagusi. Mkono wake ulikuwa umeshagusa kiti.

Halafu akaiona nyundo. Huyu mama hakuwa ameulizwa. Alikuwa ameketi pale mbele apewe zawadi ambayo hakuiomba, na ikishavunjwa hakuna fundi wa kuirudisha. Wavinya alijikaza kisabuni, akauondoa mkono kwenye kiti. Hakuna sheria iliyosema kwamba aliyeimbiwa ni lazima akae. Kama ni kuimba, wataimba wote.

Akaimba. Pambio lenyewe alilijua, mapambio ni yale yale kutoka Kitui mpaka Kiambu, na alilipokea kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita kuishinda injini. Alipiga makofi. Alizunguka mahali pake. Pambio lilipokwisha, kanisa likakaa, na Wavinya akawa amebaki wima peke yake kama mlingoti.

"Bwana asifiwe tena," akasema. "Nilikuwa nasema juu ya wimbo."

Waruguru akaanzisha la pili. Hili lilikuwa refu, lile la kuongeza beti mtu anapotaka, na Wavinya alingojea zamu akaongeza ubeti wa Kikamba ambao nusu ya kanisa haikuuelewa lakini iliucheza. Jasho lilimtoka. Watoto walifurahi sana, kwao ilikuwa Jumapili ya maana. Pasta Gachau, mtu mfupi mwenye subira, aliinama kumsemesha mzee wa kanisa, na mzee akainua mabega. Pambio lilikwisha. Wavinya alikuwa bado wima.

"Tena na tena asifiwe," akasema, akihema. "Juu ya wimbo."

Mara ya tatu Waruguru alisimama kabisa, akamgeukia. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka tu. Alifungua pambio, watu wawili watatu wakadakia, na likayumba. Kitu kilikosekana. Watu waligeuka kumtafuta mpiga gitaa. Kiama alikuwa ameweka kiganja juu ya nyuzi, wazi, ameinamisha kichwa, na hakupiga. Pambio lilienda hatua chache bila gitaa, likapotea njia, likafa.

Pasta Gachau alikohoa. Alisema kwamba kwa vile dada ni mgeni na hachoki, basi amalize kwa ufupi.

Wavinya alikuwa na hotuba. Alikuwa ameifanyia mazoezi ndani ya lori, ilikuwa na Kiama ndani yake na maneno makali juu ya watu wanaookoka na kuwasingizia wengine. Yote aliyaacha. Alitoka kwenye mstari wake, akatembea kati ya viti mpaka mbele, akasimama mbele ya Waruguru.

"Mama Byron, nisamehe," akasema. "Kijana wako sikumjua. Lakini ni yeye alinifundisha kuendesha lori."

Waruguru alimtazama kuanzia gauni mpaka uso.

Akamweleza basi. Akamweleza habari ya klachi, na chura, na watu wa yadi waliocheka. Akamweleza juu ya kilima cha hapo hapo Theta, njia ya chini kuelekea mtoni, siku moja ya matope, lori limejaa nusu na maji yanapiga tangini mbele na nyuma, yanalivuta kurudi. Wanaume walijaa barabarani. Walimpigia kelele ashuke, mama shuka, shuka mwanaume apande. Hakuna hata mmoja aliyesema kwa ubaya, walitaka kusaidia, na hilo ndilo lilimuuma zaidi. Aliwasha redio. Hakungoja maneno, alingoja pale katikati.

"Brother Kiama anafikiria wimbo ni maneno," akasema. "Mimi maneno nimesikia, ni mazuri. Lakini maneno haikupandisha lori. Kuna mahali kila kitu inanyamaza, Mama Byron, inabaki kijana wako peke yake. Anagonga hivi."

Aliinama, akagonga mgongo wa kiti cha plastiki kwa kifundo cha kidole. Polepole. Akasubiri. Akagonga tena. Mlio wa plastiki ulisikika mpaka mlangoni.

"Hajaharakisha. Watu wote wamenyamaza, wanamngoja, na yeye hajaharakisha. Mimi nilikuwa pale kwa matope nimekufa na woga, na mtu mwenye sijawahi kuona ananiambia ngoja, ngoja, sasa. Akaingia na ngoma yote. Nikaachilia klachi, lori ikapanda." Alikiacha kile kiti, akanyooka. "Alikosea hiyo usiku na pikipiki. Sikatai. Lakini Kiama akifuta, hatafuta maneno yake pekee. Anafuta mikono ya Byron. Na hajakuuliza."

Kiama alikuwa ameweka gitaa chini. Hakuna aliyeanzisha pambio.

Waruguru alikaa, polepole, kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa. Alikitazama kile kiti alichokigonga Wavinya. Alipozungumza hakumwambia Wavinya wala pasta, alizungumza tu.

"Alikuwa anagonga sufuria zangu hivyo," akasema. "Nikipika. Nilikuwa namfukuza jikoni na mwiko."

Mama mmoja nyuma yake aliweka mkono begani mwake, na Waruguru akauacha hapo. Aliendelea kusema kwamba siku ya mazishi vijana walileta spika, walitaka kuuweka huo wimbo, na yeye akawakataza. Aliwaambia hataki makelele ya wahuni juu ya kaburi la mtoto wake. Walizima, wakaenda. Akasema hajui kama alikosea. Kisha akageuka kumtafuta Kiama kwa macho.

"Wewe Kiama. Iko kwa hiyo simu?"

"Iko, mathe."

"Weka."

Pasta Gachau aliinuka nusu. Alianza kusema kwamba madhabahu ni madhabahu, kwamba labda baada ya ibada, kule nje, kwa utaratibu. Waruguru alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho wa sentensi.

"Pasta, mmeniletea nyundo hapa kwa jina la mtoto wangu," akasema. "Mimi nataka kusikia kwanza kile mnavunja."

Pasta alikaa. Kiama alichomeka waya kwenye simu, akakosea tundu, akachomeka tena. Halafu lile gitaa chafu likajaa kanisa la mabati, na wazee kadhaa walijikunyata kana kwamba mvua ya mawe imeanza. Sauti ya Kiama ya ujana ikaingia na maneno yake ya kukataa kushuka. Waruguru hakuonyesha kitu. Alikaa mgongo wima, mikono mapajani, kama mtu aliyefika mapema hospitalini na anangoja jina liitwe. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Wavinya, aliyesimama kando yake, alijikuta anaomba, na alikuwa hajaomba vizuri siku nyingi.

Kila kitu kikanyamaza. Kijiti kikagonga.

Waruguru aliinua kichwa haraka, kama vile mtu amemwita kutoka mlango wa nyuma. Kikagonga tena. Midomo yake ilisogea, na Wavinya aliyekuwa karibu alimwona akilitaja jina, bila sauti. Halafu ngoma ziliingia zote, na vile viti vya plastiki vilitetemeka, na mama yule mwembamba alifumba macho na mkono wake wa kulia ukaanza kupiga paja, bila kupatia mwanzoni, kisha ukapatia. Alikuwa analia na anatabasamu na hakujali nani anaona. Kule kushoto Kiama alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili.

Wimbo ulipokwisha hakuna aliyejua kama ni wakati wa kusema amina au wa kupiga makofi, kwa hivyo hawakufanya lolote. Kiama alifuta macho kwa mkono wa shati. Akatembea mpaka kwenye meza, akaiondoa nyundo pale ubavuni mwa gitaa na kuiweka sakafuni, chini ya kitambaa. Akaja kupiga goti mbele ya Waruguru, simu mkononi, na kumuuliza kwa sauti ndogo afanye nini sasa, aufute au auache.

Waruguru aliinama. Alimshika kiganja chenye simu kwa mikono yake miwili.

"Rudisha nyuma," akasema. "Pale Byron anaanza kugonga."